Maswali na Majibu: Adui Amekamatwa, Sasa Ataongea Nini?

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja. Vikundi kadhaa vya maigizo, kuanzia Kisauni hadi Changamwe hapa Mombasa, vinaandaa episodi ya bunilizi ya kisayansi inayosimama juu ya mazungumzo. Adui wa sayari nyingine ametiwa mbaroni, amefungiwa chumba kimoja, na kazi yote iliyobaki ni maneno. Sababu ya kuchagua umbo hili haifichiki, ni fedha. Seti ni moja, waigizaji ni wawili au watatu, na vita vya angani havionekani. Ila fedha hiyo ikiokolewa huku, irudi kwenye mswada, sauti na mazoezi. Mkiiweka mfukoni, kazi itaonyesha.

*Ndugu wahariri, salamu. Tuna mswada wa kurasa 40 wa episodi ya dakika 26. Afisa wa kituo cha anga, Mwanakombo, anamhoji mpelelezi kutoka sayari ya maji, na mateka huyo ameketi miguu ndani ya karai la maji. Kila tukiusoma kwa sauti, wasikilizaji wanasinzia kabla ya ukurasa wa kumi. Kasoro iko wapi? Pili, karai liko karibu na taa za umeme. Kuna hatari? Kikundi cha vijana, Kisauni*

La umeme tumeliweka mwisho wa safu kwa kuwa lina mambo yake.

Tuanze na hesabu. Mswada uliopangwa kwa kawaida ya filamu, herufi za Courier za ukubwa wa 12, huenda kwa kadiri ya dakika moja kila ukurasa. Kurasa 40 haziingii katika dakika 26 hata waigizaji waongee mbio. Someni mswada wote kwa sauti, saa ikiwa mkononi, kila mtu akiwa amekaa pale atakapokaa kwenye seti, na ukimya mliouandika muuhesabu nao.

Lakini usingizi hauletwi na urefu peke yake. Afisa anauliza, mateka anakataa, afisa anauliza tena kwa ukali zaidi. Kati ya ukurasa wa 4 na wa 9 hakuna kilichobadilika isipokuwa sauti kupanda. Mahojiano ya aina hii hayaendi popote, kwa kuwa hakuna mwenye cha kutoa wala cha kupoteza. Mateka awe na kitu afisa anachokihitaji kwa haraka, na afisa awe na kitu ambacho mateka hawezi kukaa bila nacho. Nyinyi mnacho tayari na mmekifanya pambo: karai. Amueni kwamba mateka hupumua kwa ngozi, na maji yasipobadilishwa kila dakika 40 anaanza kukakamaa. Maji ya kituo nayo yanagawiwa kwa lita. Mtazamaji wa Mombasa anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni hatahitaji maelezo zaidi. Kwa upande wa afisa, awe anatafuta chombo cha pili cha adui kilipojificha, na ana saa tatu tu kabla meli ya abiria haijapita njia hiyo. Hapo kila swali lina bei.

Kisha chukueni karatasi mchore safu tatu: anachojua Mwanakombo, anachojua mateka, anachojua mtazamaji. Kila mazungumzo yakiisha, jazeni mstari mmoja. Mazungumzo yasiyobadilisha lolote katika safu hata moja yafutwe, japo yana maneno matamu. Hili linauma, maana mara nyingi yanayofutwa ndiyo mwandishi aliyoyapenda zaidi.

Kwa dakika 26, mazungumzo sita yanatosha, tena yasilingane urefu. Msianze na kukamatwa. Ukurasa wa kwanza mateka awe ndani na mlango umefungwa. Uongo wake wa kwanza ufichuke kabla ya ukurasa wa 8. Karibu na wa 13 yeye ndiye aanze kuuliza, na afisa ajikute anajibu bila kukusudia. Kufika wa 20 mtazamaji awe hajui tena nani kamshika nani. Kinachoharibu episodi nyingi za namna hii ni hotuba ya mateka kuhusu historia ya sayari yake, kurasa mbili mtu mmoja anasema na mwenzake ananyamaza. Ikateni vipande vya mistari mitatu mitatu, na kila kipande kitoke pale tu afisa anapolipa kwa jagi la maji.

Mfano wa kuutazama ni "Duet", episodi ya msimu wa kwanza wa Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya televisheni ya Marekani, iliyorushwa Juni 1993. Mtu anakamatwa akidai ni karani tu wa kambi ya kazi za kulazimishwa. Halafu anajitapa kuwa ndiye mkuu wa kambi yenyewe. Mwishowe inadhihirika kwamba ni karani kweli, aliyejisingizia ukuu ili ashtakiwe hadharani na watu wake walazimike kukiri waliyotenda. Swali ni lile lile, "wewe ni nani?", na jibu linageuka mara tatu. Kila linapogeuka, anayehoji hana budi kuanza upya. Mswada wenu una maswali mengi ambayo kila moja lina jibu moja. Jaribuni swali moja lenye majibu matatu.

*Mateka wangu amegoma, anataja jina lake na cheo basi. Rafiki yangu anasema hiyo ni mbinu ya filamu za zamani tu. Je, kuna sheria yoyote nyuma yake? Mwanafunzi, Likoni*

Ipo. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 17, unasema mfungwa wa vita halazimiki kutoa zaidi ya majina yake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, au taarifa inayolingana nayo. Akikataa kujibu mengine haruhusiwi kuteswa, kutishwa wala kutukanwa. Kifungu cha 13 kinakataza pia kumfanya kitu cha kutazamwa na umati. Ukimtia mateka kwenye kizimba cha kioo wakazi wa kituo wapite wakimchungulia, tayari una mgogoro wa kisheria ndani ya kituo chenyewe, na afisa wa pili wa kuupinga.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi hulipita. Kwa kanuni za kivita za Hague, askari anayepenya eneo la adui akiwa amevaa sare yake hahesabiwi kuwa jasusi, ila aliyejibadilisha sura au mavazi ndiye. Kwa hiyo nguo aliyokamatwa nayo mateka inaamua atashughulikiwa vipi. Kama sare yake ni ngozi yake, wanasheria wa kituo watabishana hadi ukurasa wa mwisho. Tungekuwa sisi, tungeitumia hiyo.

*Wahariri wapendwa, mgeni wetu wa angani aongee Kiswahili gani? Tukimpa lafudhi ya kuchekesha, watu wanacheka mahali pasipofaa. Mwandishi chipukizi, Tudor*

Lafudhi iacheni. Mpeni sababu ya kujua lugha. Tuseme alijifunza kwa kunasa taarifa za habari za redio kwa miaka. Basi anaongea Kiswahili sanifu kilichonyooka, hafupishi neno, hana "eeh" wala "ala!". Mwanakombo ni mtu wa Mvita, yaani Mombasa, husema "wataka n'ni?" na "nshakwambia". Tofauti hiyo inasikika bila kichekesho. Kisha, karibu na ukurasa wa 20, mateka naye aseme "nshakwambia". Hakuna atakayeeleza kwamba hawa wawili wamekaribiana, na hakuna haja.

Kuhusu kujibizana, Pwani haina haja ya kuazima. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga zama za Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, Mvita ikivutana na Lamu na Waomani, na sehemu kubwa ya tungo zake za siasa ni maneno ya kumrushia hasimu. Mbinu ya majibizano ni kulidaka neno la mwenzio na kumrudishia likiwa na ncha nyingine. Jaribu hivi:

— Nani amekutuma?
— Hutumwa mwenye mkubwa. Mkubwa wako wewe ni nani?
— Mimi ndiye ninayeuliza.
— Anayeuliza ndiye asiyejua.

Kila mstari umeshika mkia wa uliotangulia. Ukiweza kuchomoa mstari mmoja na mazungumzo yakaendelea kama hakikutokea kitu, mstari huo haukuwa na kazi. Tahadhari moja: kurasa 26 za mafumbo matupu zinachosha. Kila baada ya majibizano makali pawe na sentensi moja nyepesi kabisa, kama "maji yamepoa".

*Tuna kaka anayeweza kutuazima kontena la futi 20. Si ndilo jela tosha la angani? Vijana watatu wenye kamera moja, Changamwe*

Mnavyolifikiria linapendeza, likifunguliwa linawatesa. Ndani ya kontena la futi 20 mnapata urefu wa kama mita 5.9, upana mita 2.35 na kimo mita 2.39. Upana huo ukitoa meza, mateka na afisa, kamera haina pa kurudi nyuma. Bati linarudisha sauti kama kisima, jua la saa nne linageuza ndani kuwa tanuri, na ukizungusha feni unaharibu sauti. Litumieni kwa picha moja ya nje, mlango ukifungwa, komeo likilia. Jela yenyewe ijengeni.

Chumba cha futi 16 kwa 12, kuta za futi 8, kinahitaji mbao 14 za plaiwudi za futi 8 kwa 4: nne za nyuma, tatu kila ubavu, na nne za ukuta wa mbele unaoondoka kamera ikihitaji nafasi. Chukueni unene wa milimita 9. Ile ya milimita 6 ni nafuu, lakini mwigizaji akiiegemea inadunda kama ngoma na ukuta mzima unatikisika kwenye picha. Kila ubao uuwekee fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, mbili za wima na tatu za kulala, yaani futi 28 kwa ubao, futi 392 kwa jumla. Agizeni 430 maana fundi lazima apoteze vipande. Fungeni kwa skrubu, si misumari, ili ukuta wa mbele utoke kwa dakika chache na kurudi ulipokuwa. Nyuma ya kila mbao mbili wekeni mhimili wa kuegemeza na mfuko wa mchanga juu ya mguu wake.

Rangi iwe ya maji, kijivu kinachoelekea kijani, isiyong'aa. Rangi ya mafuta itaonyesha kila taa na kivuli cha mpiga picha. Nyeupe nayo hutawanya mwanga chumba kizima, na adui anabaki bila giza la kukaa ndani yake.

Kizuizi cha nuru kinachotenganisha mateka na afisa mnaweza kukifanya kwa taa za LED za utepe, za volti 12. Utepe wa mita 5 ukilishwa umeme upande mmoja tu, ncha ya pili inafifia, kwa hiyo ulisheni pande zote mbili. Kipunguza mwanga cha bei rahisi huwasha na kuzima taa kwa kasi ambayo jicho halioni ila kamera inaona, na picha inatoka na mistari inayopanda. Ijaribuni na kamera yenyewe kabla ya kugongelea chochote ukutani.

*Shikamooni. Picha zetu ni safi lakini sauti inatuaibisha. Tunarekodi nyumbani Majengo. Tufanyeje? Msichana wa kikundi cha maigizo*

Marahaba, binti yetu. Hapa ndipo episodi ya maneno hufa au hupona. Picha ikiwa na giza kidogo mtazamaji atavumilia, lakini asiposikia anabadilisha chaneli.

Maiki ya mpini mrefu ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, juu ya kichwa kidogo mbele, ikielekezwa kifuani. Maiki ndogo ya nguoni iwe akiba tu. Mateka akivaa vazi la plastiki au ngozi bandia itakwaruza kila akipumua. Rekodini kwa 48 kHz na biti 24, vilele vya sauti vikifika karibu na -12 dB, ili afisa akifoka ghafla kusiwe na mpasuko.

Zimeni feni, AC na friji. Ili msisahau friji, wekeni funguo za gari au pikipiki ndani yake, hamtaondoka bila kuiwasha. Katoni za mayai ukutani hazizuii kelele ya nje hata kidogo, hilo ni porojo. Mablanketi mazito na magodoro yaliyosimamishwa nyuma ya kamera yanapunguza mwangwi wa ndani, lakini tuktuk barabarani itapita vile vile. Dawa ya tuktuk ni saa. Kaeni siku nzima mahali hapo kabla ya kurekodi na muandike kelele saa kwa saa: adhana, shule inapotoka, muuza kahawa anapogonga vikombe, kunguru wanaporudi mitini jioni. Adhana ziwe mapumziko yaliyopangwa kwenye ratiba. Paa likiwa la mabati, msiweke tarehe Aprili na Mei, miezi ya masika.

Mwisho wa kila onyesho, wote wanyamaze mahali walipo na mrekodi sekunde 60 za chumba kitupu. Mhariri wa video ataitumia kuziba kila mahali alipokata. Bila hiyo, kila mkato unasikika.

*Tunaweza kurekodi ndani ya Fort Jesus? Ilikuwa jela kweli. Msomaji, Mji wa Kale*

Ilikuwa jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Sasa ni jumba la makumbusho na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011. Mtahitaji ruhusa ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na leseni ya kurekodi filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Ombeni mapema, wageni ni wengi. Ila kusema kweli, ngome iliyojengwa 1593 hadi 1596 kila mtoto wa Mombasa anaijua. Mkimwambia ni kituo cha anga atatafuta mizinga.

*Tuna kamera moja, je, itatosha kwa mazungumzo ya watu wawili? Mpiga picha, Nyali*

Inatosha, tena mwanga unakuwa bora. Vuteni mstari wa kufikirika kutoka pua ya afisa hadi pua ya mateka, kamera ikae upande mmoja wa mstari huo siku zote. Ukivuka bila kujua, wawili wanaonekana wakitazama upande mmoja na mtazamaji anapotea. Uvukeni mara moja tu, kwa makusudi, pale mateka anapoanza kuuliza.

Anzeni na picha pana ya onyesho zima, kisha picha zote za upande wa afisa, ndipo mhamishe taa na kugeukia mateka. Asiyeonekana abaki karibu na kamera na aseme maneno yake kwa nguvu ile ile, akinong'ona tu mwenzake anakosa cha kujibu. Tumieni picha 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa masafa ya 50 Hz, taa hazitameta. Kurasa 5 kwa siku ni kiasi cha kweli kwa kikundi kidogo. Anayepanga 12 huishia kurekodi mikunjo ya nyuso zilizochoka.

Chumba chenye AC na nje penye joto visichanganywe ghafla. Lenzi hushika ukungu. Iacheni kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Na kiwango cha maji kwenye karai, kwa wanaolitumia, kitieni alama ya tepu upande wa ndani, na mpige picha ya simu kila mkikatisha. Maji yanayopanda na kushuka bila sababu ndiyo kosa la kwanza watazamaji wataliandika.

*Uso wa mgeni wetu unabanduka kabla ya saa sita. Msusi na mpambaji, Bamburi*

Dada, jasho linapita chini ya mpira wa uso wa bandia na gundi inaachia. Gundi ya utomvu, ile ya ndevu bandia, haistahimili joto la Pwani. Tafuta gundi ya akriliki inayotengenezwa kwa ajili ya ngozi, upake tabaka mbili, na kila moja ikauke hadi iwe haina weupe. Kabla ya hapo safisha ngozi kwa spiriti kidogo. Jaribu mpira na gundi ndani ya mkono wa mwigizaji saa 24 kabla, kwani wapo wanaodhurika na mpira.

Lililo kubwa zaidi ni kupunguza eneo. Paji la uso na shingo vinatosha. Nyusi, mashavu na midomo viache wazi, maana hapo ndipo maneno yanapoonekana. Ngozi ya unyevunyevu usiipate kwa maji, yatakauka kabla ya kamera kuwashwa. Changanya gliserini na maji nusu kwa nusu, nyunyiza kwa chupa ya kupulizia.

*Na lile la Kisauni, karai na umeme.*

Hatari ipo. Umeme wa nyumbani ni volti 240, na mtu mwenye miguu majini hapati nafasi ya kurusha mkono. Ndani ya mita mbili kutoka kwenye karai pasiwe na chochote kinachochomekwa ukutani: taa, chaja, wala kiunganishi cha nyaya. Taa za hapo ziwe za betri au za volti 12, na adapta yake iwe nje ya seti, juu ya kiti, si sakafuni. Nyaya zinazopita zining'inizwe juu. Laini mnayotumia iwe na swichi ya usalama ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Ibonyezeni kitufe cha majaribio kila asubuhi. Mmoja wenu akae karibu na swichi kuu wakati wote wa kurekodi, asipewe kazi nyingine.

Na maji yawe ya kawaida. Hadithi inasema ni ya bahari, lakini kamera haionji chumvi, na chumvi inapitisha umeme vizuri zaidi na kula viunganishi vya maiki. Matone machache ya rangi ya chakula ya buluu kwa karai la lita 20 yanatosha. Tieni kidogo kidogo, ikizidi mwigizaji atatoka na miguu ya buluu hadi Ijumaa.